Mkulima wa Tumbaku Anaikopesha Kampuni Bure



Wiki iliyopita kwenye kundi letu la WhatsApp kada mmoja, tena mtu ninayemheshimu, aliweka picha ya kiongozi wa serikali amesimama mbele ya marobota ya tumbaku, anatabasamu. Chini yake kada akaandika kwamba kwenye hili la tumbaku tukubali tu, mambo yanakwenda, tusiwe watu wa kubisha kila kitu. Watu wakamwaga vidole gumba. Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu asubuhi ya siku hiyohiyo mzee wangu alinipigia simu kutoka Kaliua, akazunguka weee, mara mvua imeanza, mara ng'ombe wa jirani wameingia shambani, mpaka mwisho akasema kilichompigisha simu: kama nina elfu hamsini, mama yako dawa zake zimeisha. Mzee huyo aliuza tumbaku mwezi wa sita. Sasa hivi ni Novemba. Hela yake iko kwa kampuni.

Leo sinyamazi.

Wengi mnaosoma hapa mmekulia Dar, Arusha, Mbeya mjini, na tumbaku mnaijua ikiwa tayari imefungwa kwenye karatasi na ina kichungi. Hebu niwaeleze inavyolimwa kwetu, halafu ndo mtaelewa kwa nini nina hasira.

Kitalu kinaandaliwa mwezi wa nane au wa tisa. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, ukipiga chafya umepoteza robo ekari. Unamwagilia asubuhi na jioni kwa ndoo, na nyakati hizo visima ndo vimekauka. Mvua zikianza, Novemba na Desemba, unahamishia miche shambani kwenye matuta. Unapalilia, unatia mbolea, unakata maua, unatoa machipukizi moja moja kwa mkono. Januari majani ya chini yanaanza kuiva, na hapo kulala kumekwisha. Unachuma, unafunga kwenye vijiti, unapandisha kwenye bani, unawasha moto. Bani haliachwi peke yake. Moto ukizidi, majani yanaungua, ukipungua, yanaoza. Baba alikuwa analala nje ya bani kwenye mkeka, anaamka kila baada ya muda kusukuma magogo. Nilipofika darasa la tano zamu moja ya usiku ikawa yangu. Kesho yake shuleni nilikuwa nasinzia mpaka mwalimu akanibatiza jina la Bundi.

Na kuna jambo ambalo matangazo ya sigara hayalisemi wala mabango ya wizara hayalisemi. Ukichuma majani yakiwa na umande au yamenyeshewa, nikotini inapita kwenye ngozi. Kichwa kinazunguka, unatapika, unalala usiku mzima unatoka jasho. Sisi tulikuwa tunaita "kulewa tumbaku" na watu wazima walikuwa wanatucheka, eti utazoea. Hakuna aliyetupa glavu. Mama yangu amechuma tumbaku kwa mikono mitupu zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya kukausha kuna kuchambua kwa rangi, ukubwa wa jani na sehemu ya mmea lilikotoka, kisha kufunga marobota. Halafu unasubiri soko. Masoko yanaanza kwenye Aprili hivi na kuendelea. Hesabu mwenyewe tangu kitalu.

Sasa twende kwenye hela, maana ndiko kwenye kesi yenyewe.

Mkulima wa tumbaku halimi kwa hela yake. Mbolea ya NPK, CAN, dawa, nyuzi, vifungashio, vyote anakopeshwa kupitia chama cha msingi, yaani AMCOS. AMCOS inakopa benki au inaletewa pembejeo kwa mkataba na kampuni inayonunua. Deni linaandikwa kwa dola, bei inatangazwa kwa dola. Mtu ambaye hajawahi kuishika noti ya dola maishani mwake ana deni la dola kijijini. Hela ikija kubadilishwa, inabadilishwa kwa kiwango ambacho benki imeamka nacho siku hiyo.

Nimemwomba mzee ruhusa ya kuandika hesabu yake, akasema andika, ila kijiji usitaje. Hii hapa, kutoka kwenye karatasi aliyopewa na katibu wa AMCOS. Kilo alizouza: 1,412. Mauzo yote, ukichanganya madaraja mazuri na mabaya: dola 2,259. Toa pembejeo, dola 940. Toa riba na bima, 112. Toa ushuru wa AMCOS na wa chama kikuu, 85. Halafu kuna mstari umeandikwa "dhamana", dola 297, nitaurudia huo. Kinachobaki ni dola 825. Kwa shilingi ni milioni mbili na kidogo.

Watu watano wa nyumba moja walifanya kazi hiyo kwa miezi kumi. Gawanya. Ni kama dola 16 na nusu kwa mtu kwa mwezi, na hapo sijatoa vibarua wa kuchuma wala trekta la kuni. Na hizo 825 zenyewe hajaziona!

Mkataba wa chama chake nimeusoma kwa macho yangu. Unasema mnunuzi alipe ndani ya siku 14 baada ya soko. Zimepita zaidi ya 140. Kampuni ina mzigo tayari. Tumbaku imepakiwa, imekwenda kusindikwa, imeondoka. Mwenye mzigo ana mzigo, mwenye shamba ana karatasi.

Ile riba ya dola 112 iliandikwa kwa makadirio kwamba deni la benki litalipwa Julai. Kampuni haikulipa Julai, kwa hiyo AMCOS haikulipa benki, kwa hiyo riba inaendelea kutembea Agosti, Septemba, Oktoba, mpaka leo. Inatembea juu ya nani? Juu ya mkulima. Kampuni iliyochelewesha inalipa riba gani kwa mkulima? Sifuri. Mkataba una vipengele vya kila aina vya kumbana mkulima: akiuza kwingine, akichanganya takataka kwenye robota, akizidisha unyevu. Kipengele cha kampuni kulipa riba ikichelewa hakimo.

Kwa lugha nyepesi, mzee wangu wa Kaliua, mwenye baiskeli moja na bati za mwaka 1998, anaikopesha kampuni inayosafirisha nje, kwa miezi mitano, bila riba, bila dhamana, bila kuulizwa. Na hela anayoikopesha na yeye ameikopa benki kwa riba. Nionyesheni biashara nyingine nchi hii inayoendeshwa hivyo. Nenda kachukue friji Kariakoo mwambie muuzaji utamlipa Krismasi kama hali itakuwa nzuri, uone.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwezi huu huu, kabla hajalipwa ya zamani, amepokea mbolea ya msimu mpya. Nikamwambia baba, kwa nini usipumzike mwaka huu? Akanijibu, "Mwanangu, nikiacha, lile deni la zamani nani atalifuatilia?" Yaani analima ili abaki kwenye daftari, maana ukitoka kwenye daftari hakuna wa kukusikiliza.

Turudi kwenye madaraja. Tumbaku haina bei moja. Ina makumi ya madaraja, na tofauti ya bei kati ya la juu na la chini inaweza kuwa mara kadhaa. Siku ya soko anasimama mteuzi wa Bodi ya Tumbaku, anasimama mtu wa kampuni, robota linafunguliwa, jani linavutwa, linanuswa, linaandikwa herufi na namba. Sekunde chache. Miezi kumi inapewa jina kwa sekunde chache! Mkulima anaruhusiwa kukataa, ndiyo, sheria ya maneno ipo. Akikataa, robota linarudi nyumbani. Nauli yake, hifadhi yake, jani linazidi kukauka na uzito unapungua, na soko lijalo mteuzi anaweza kuwa yuleyule. Hivyo anaitikia kwa kichwa. Sisemi wateuzi wote ni wala rushwa, nawajua wawili watatu waungwana kabisa ambao nao wanasukumwa kumaliza masoko matatu kwa siku. Nasema mfumo ambao mwamuzi hana mtu wa kumkatia rufaa papo hapo, na muuzaji hawezi kusubiri, huo si mnada wala si mapatano.

Na ule mstari wa "dhamana", dola 297. AMCOS inakopa kwa pamoja na inadaiwa kwa pamoja. Jirani akipata hasara ya mvua ya mawe, au akiuza usiku kwa vishoka ili akwepe deni, au kiongozi wa chama akiandika mbolea hewa kwa majina ya marehemu, deni halifi. Linagawanywa kwa waliouza kwa uaminifu. Kadiri unavyolima vizuri ndivyo unavyolipia zaidi. Baba alilipa dola 297 za watu ambao wengine hawajui hata sura. Alipouliza orodha ya wadaiwa kwenye mkutano mkuu akaambiwa orodha iko wilayani. Wilayani akaambiwa iko kwa mrajisi. Mpaka leo orodha inasafiri.

Watu wa serikali wakisikia haya wanajibu kwa tani. Tani, tani, tani. Ni kweli, sitaki kuwa mwongo: uzalishaji ulikuwa umeporomoka vibaya miaka ile wanunuzi walipopunguza makisio na wengine kufunga virago, na msimu wa 2022/23 ulipanda ukapita tani 120,000. Wanunuzi wapya waliingia, wakiwemo wazawa, ushindani ukaongezeka, bei ikasogea. Hilo ni jema na tuliseme. Lakini tani ni kipimo cha nani? Halmashauri inakusanya ushuru wa mazao wa asilimia 3 kutoka kwa mnunuzi, kwa hiyo inapenda tani. Benki Kuu inahesabu dola za mauzo ya nje, inapenda tani. Mwenye kiwanda cha kusindika anataka tani. Mkulima yeye anataka kujua tarehe. Lini? Hilo swali moja halina waziri.

Na si jambo la jana. Wenye kujua historia ya Urambo wanakumbuka tumbaku ilikujaje. Waingereza baada ya vita walitaka mafuta ya karanga, wakaja na matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea mwaka 1947, wakakwama, mwaka 1951 wakatupa taulo. Pale Urambo wakatafuta zao la kuokolea jahazi, ndipo tumbaku ikashika. Tangu hapo kila awamu imetubadilishia mtu wa katikati. Vyama vya ushirika vikafutwa 1976, ikabaki mamlaka ya serikali, ikaja bodi ya kusindika na kuuza, ushirika ukarudishwa, miaka ya tisini soko likafunguliwa kwa makampuni, 2001 ikatungwa Sheria ya Tumbaku. Mabango yote hayo yamebadilishwa mlangoni na foleni ya malipo ikabaki ileile, mkulima akiwa wa mwisho. Na chama kilichoshika dola muda wote huo tangu 1977 kinaitwa CCM, kwa hiyo wasituambie wameirithi hali hii kutoka kwa mtu.

Najua wapo kati yetu watakaoniambia, kamanda, tumbaku inaua, sisi chama cha vijana tunatetea vipi zao la saratani? Swali la haki. Mimi mwenyewe sivuti, na ningefurahi mdogo wangu asiliguse jani hilo tena. Lakini twende kwa ukweli. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Ibara ya 17 inazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata shughuli mbadala, na ya 18 inahusu kulinda mazingira na afya ya wanaolima. Tumesaini. Haya, mbadala uko wapi Kaliua? Uko wapi Sikonge? Nenda benki yoyote Tabora ukaombe mkopo wa mbolea ya mahindi bila hati ya nyumba, halafu urudi utusimulie. Watu kwetu wanalima tumbaku kwa sababu ndiyo inayokuja na mbolea ya mkopo. Mfuko mmoja wa mbolea ya tumbaku unachotwa kidogo unakwenda kwenye mahindi ya kula, kila mtu anajua, afisa ugani anajua, kampuni inajua. Tumbaku ndiyo inayolisha mahindi. Ukiipiga marufuku kesho bila kuleta mkopo wa zao lingine, unakuwa umepiga marufuku ugali.

Na misitu, ambayo ndiyo ingekuwa mbadala wetu wa kwanza, inaingia kwenye mabani. Tabora ni mkoa wa asali, dunia nzima ya wapenda asali inajua. Nyuki wanataka miombo, bani linataka miombo. Babu yangu alikuwa na mizinga zaidi ya mia, baba ana sita. Mkulima anaambiwa apande miti na anakatwa hela ya miche, miche inaletwa Februari mwishoni ikiwa imenyauka, anaweka sahihi kwamba amepokea. Sitasema zaidi, hilo linahitaji makala yake.

Sasa niwageukie wa kwetu, msikasirike.

Kampeni zilizopita viongozi wetu walikuja huku kwetu, wakapanda juu ya gari, wakasema "tutafuta makato yote!" Watu wakapiga vigelegele. Baba yangu hakupiga. Aliniuliza usiku, makato yote yakifutwa, mbolea atalipa nani? Sikuwa na jibu, na kama wewe unayo nipe. Mkulima wa tumbaku amedanganywa na mabingwa, sisi hatutawashinda kwa kudanganya. Ukimwambia jambo lisilopigika hesabu anakuona mtoto tu aliyevaa fulana mpya.

Ninachotaka kiingie kwenye ilani yetu ni kidogo na kinapigika. Kwanza kabisa, tarehe ya malipo iwe ya kisheria, si ya mkataba tu, na ikipita siku hiyo riba ya benki ya mkulima ihamie kwa mnunuzi, moja kwa moja, bila kwenda mahakamani. Ukichelewesha, wewe ndiye unayedaiwa na benki. Wataona haraka sana kwamba hela zipo. Na kampuni yenye deni la msimu uliopita isipewe leseni ya kununua msimu mpya mpaka ilipe au iweke dhamana benki. Tunamdai dhamana mwenye baiskeli, tunashindwa kumdai mwenye maghala?

Hilo la dhamana ya pamoja likatwe mzizi. Kila mkulima adaiwe kwa jina lake na mkopo wake, na kwa hasara ya mvua ya mawe bima anayokatwa ifanye kazi iliyolipiwa. Orodha ya wadaiwa ibandikwe ukutani kwenye ghala la AMCOS, herufi kubwa, na mgawanyo wa pembejeo pia, mfuko kwa mfuko. Kwenye soko, mkulima awe na haki ya mteuzi wa pili siku hiyohiyo kabla robota halijatoka ghalani. Basi. Sijaomba kiwanda cha sigara Urambo, sijaomba bei ya mbinguni.

Watasema wanunuzi watakimbia. Walisema hivyo hata walipoombwa waheshimu makisio. Mnunuzi anayekimbia kwa sababu ameambiwa alipe kwa wakati alikuwa hajaja kununua, alikuwa amekuja kukopa.

Kuna kazi ya wiki hii, siyo ya kubofya. Vijana wa Kaliua, Urambo, Sikonge, Uyui, Chunya, Mpanda, Kahama, Namtumbo: mkirudi nyumbani ombeni wazee karatasi za mauzo. Tunahitaji vitu viwili tu, tarehe ya soko na tarehe hela ilipoingia, pamoja na mstari wa dhamana kama upo. Ficheni jina na namba ya mkulima kabla ya kupiga picha, narudia, ficheni, maana kuna watu walinyimwa mbolea kwa kuuliza maswali kwenye mkutano. Tumeni kwa katibu wa vijana wa wilaya yenu. Mwisho wa Januari tunataka tuwe na karatasi za kutosha kupeleka Dodoma kwa wabunge wachache waliotubakia, ili siku kiongozi mwingine akisimama mbele ya marobota kupiga picha, mtu amuulize haya marobota yamelipwa tarehe ngapi.

Ya baba yangu nimeshaipiga picha. Elfu hamsini nilimtumia, nilikopa kwa mwenzangu wa chumbani, naye ananidai.